Barua ya wazi kwa Mchungaji Kiongozi na Baraza la Wazee: Turudishieni kazi ya misioni

Kwa: Mchungaji Kiongozi, Wazee wa Kanisa, na Kamati ya Misioni na Uinjilisti ya usharika wetu
Nakala: Mkuu wa Jimbo

YAH: WAUMINI KUTENGWA NA KAZI YA MISIONI

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Mchungaji, wazee wetu, shikamooni.

Ninaandika nikiwa muumini wa usharika huu, niliyebatizwa na kupata kipaimara humu humu, na mwenyekiti wa mojawapo ya jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba. Kabla barua hii haijatoka imesomwa na wenzangu wa jumuiya kadhaa: kina mama, vijana wa kwaya, na wazee wastaafu ambao wanaujua usharika huu tangu ukiwa mtaa, yaani tawi dogo la usharika mwingine. Wote wamesema iende kama ilivyo. Jina la usharika nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa hatutafuti kumwaibisha mtu, na wanaohusika wanajijua.

Tulianza kwa utaratibu. Tuliiandikia kamati, barua ikapokelewa ofisini na kugongwa muhuri. Tulimwendea mzee wa kanisa wa eneo letu, akatuambia suala liko mezani. Kwenye mkutano mkuu wa usharika tukaomba lijadiliwe, likapangwa kwenye Mengineyo, na Mengineyo hayakufikiwa kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Tumeomba, tumesubiri, na tumenyamaza muda mrefu kuliko inavyofaa. Sasa tunasema hadharani, kwa heshima ile ile.

Hoja yetu ni moja. Kazi ya kupeleka Injili ni ya usharika mzima, kila mbatizwa kwa sehemu yake, na kwetu kazi hiyo imeondolewa mikononi mwa waumini. Tumebakiziwa kuilipia tu. Yafuatayo ndiyo yanayotuumiza.

1. Misioni imegeuzwa kuwa bahasha.

Wazee wanakumbuka tulikotoka. Kila mwaka baada ya mavuno, jumuiya zilikusanya unga, maharage, sabuni na nguo kwa ajili ya mtaa wetu wa nyikani, ule tulioufungua wenyewe kwa ndugu zetu wafugaji. Alfajiri ya Jumamosi Fuso lilipakiwa nyuma ya kanisa: magunia chini, sufuria kubwa za kina mama juu yake, kisha watu. Tulilala kule, wengine kwenye mahema, wengine kwenye darasa la shule ya msingi. Kwaya iliimba, lakini haikuishia kuimba. Vijana walichimba shimo la choo. Fundi bati alipanda juu ya paa la kanisa akaziba palipovuja. Muuguzi mstaafu alikaa chini ya mgunga na mizani yake, akapima watoto tangu asubuhi hadi jua lilipogeuka. Jumapili tulishiriki Chakula cha Bwana pamoja na wenyeji, kisha tukala pamoja.

Nao wenyeji walitupa vyao. Walitufundisha kuomba usiku kucha bila haraka. Walituchinjia mbuzi katika mwaka wa ukame, tena tukijua thamani ya yule mbuzi. Wakati wetu wa kuwapokea ulipofika walikuja kwenye sikukuu ya mavuno, wakalala majumbani mwetu, na watoto wetu wakawajua kwa majina. Mtu aliyetoka huko hakuhitaji kuhubiriwa umuhimu wa misioni. Alikuwa ameiona, na alikuwa na ndugu kule.

Leo tuna bahasha ya ahadi ya sadaka, yenye namba. Safari zimefutwa kwa maelezo kwamba gharama ya gari ni heri ipelekwe huko kama fedha taslimu. Ambaye hajakamilisha ahadi husomwa kwenye matangazo. Na mara moja kwa mwaka unafanyika mkutano wa Injili uwanjani, vyombo vya muziki vya kukodi, mhubiri mgeni kutoka mbali. Hatupingi mikutano ya Injili, na mhubiri mgeni ni mtumishi wa Mungu kama wengine. Lakini mkutano wa mwisho ulipokwisha, karatasi zenye majina ya waliompokea Yesu zilikusanywa zikapelekwa ofisini. Jumuiya zinazoishi mitaa ile ile na watu hao hazikupewa hata jina moja. Nani atawatembelea? Nani atamwonyesha mama aliyeokoka Ijumaa mahali pa kusali Jumapili? Jukwaa lilibomolewa, na wale watu hatujui waliko.

Tunaambiwa kwamba anayetoa ameshiriki. Ni kweli, kutoa ni kushiriki. Mtume Paulo anawashukuru Wafilipi kwa ushirika wao katika kuieneza Injili, na anawashukuru kwa vitu walivyomtumia gerezani. Lakini Wafilipi hawakutuma vitu peke yake. Walimtuma Epafrodito, mtu wao, avipeleke na kumhudumia, naye akaugua huko karibu kufa. Usharika ule ulitoa sadaka na ukamtoa mtu, ukahangaika ulipopata habari kwamba mtu wao ni mgonjwa. Sisi tunaombwa sadaka tu.

2. Mwinjilisti wetu ameachwa peke yake.

Wachache wetu tulikwenda kumwona kwa nauli zetu, bila kutumwa na mtu. Nitaeleza tuliyoyaona, kwa sababu naamini baadhi ya wajumbe wa Baraza hawajafika kule tangu wachaguliwe.

Nyumba ya mwinjilisti ni chumba kimoja na kiukumbi. Daftari la ubatizo amelifunga kwa nailoni na kulitia ndani ya debe la mafuta lenye mfuniko, ili mchwa wasilifikie. Tulilifungua. Mwandiko ni wa kunyooka, kila jina na tarehe yake, na jina la boma alikotoka mbatizwa. Pikipiki aliyokabidhiwa mbele ya kanisa siku ile tukipiga vigelegele imeegemezwa ukutani, haina tairi la mbele, na kuku wanataga chini yake. Ameomba matengenezo akaambiwa fungu halijatengwa. Kwa hiyo anatembea kwa miguu kutoka boma hadi boma, na wakati wa kiangazi maboma huhama kufuata malisho, naye huyafuata. Posho yake huja kwa kuchelewa, mwezi mwingine haiji. Mkewe anauza maandazi siku ya mnada wa ng'ombe, na hicho ndicho kinachowasomeshea watoto.

Tulidhani atatulalamikia habari ya posho. Swali lake la kwanza lilikuwa: mbona siku hizi hamji?

Baba Mchungaji, Kanisa letu linadaiwa na watu wa namna hii. Wamisionari wa shirika la Leipzig la Ujerumani walifika Kilimanjaro mwaka 1893, lakini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakawaondoa wamisionari Wajerumani nchini mwaka 1920. Aliyebaki akifundisha, akizika, akikusanya watu Jumapili, ni mwalimu na mwinjilisti mwenyeji. Vita vya Pili vilipoanza wamisionari Wajerumani, waliokuwa wamerudi, waliwekwa kizuizini, na sharika zikaendelea. Kule Bukoba watu walikuwa wamekwisha kuipokea Injili na kusoma Neno wenyewe, kwa mafundisho yaliyovuka kutoka Buganda, kabla wamisionari wa Bethel, shirika jingine la Ujerumani, hawajafika mwaka 1910. Tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), yaliunganishwa makanisa ambayo waumini wa kawaida walikuwa wameyabeba kwa miguu na kwa migongo yao. Mwinjilisti wetu wa nyikani amesimama kwenye mstari huo. Usharika unaoweza kukodi jukwaa na spika hauwezi kushindwa kununua tairi.

3. Vipawa vya waumini vinarudishwa mlangoni.

Kina mama waliomba kwenda kuwafundisha mabinti wa kule kushona, cherehani wakiwa nazo wao wenyewe. Wakaambiwa waandike andiko la mradi. Wakaliandika, kwa msaada wa binti mmoja aliyesoma chuo, na hadi leo hawajajibiwa. Vijana wameambiwa wasubiri semina. Kijana mmoja dereva wa bodaboda amekuwa akisoma Neno na wenzake kijiweni kila asubuhi kabla ya abiria kuanza kuja, na watatu kati yao wameanza kuja ibadani. Hakuna kiongozi aliyewahi kufika pale hata kusalimia. Nilipolitaja jambo hili mbele ya mzee mmoja, aliuliza nani amempa kijana huyo kibali.

Naomba tukumbuke Uamsho wa Afrika Mashariki. Moto ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930, ukaingia Bukoba na kusambaa nchini, haukubebwa na wenye vyeo peke yao. Walikuwemo wakulima, wauguzi, walimu wa shule za vijijini, wanawake waliokwenda nyumba kwa nyumba kuungama na kushuhudia. Viongozi wengine wa makanisa waliwaogopa wakati ule. Baadaye makanisa hayo hayo yalipata wachungaji na maaskofu wake kutoka miongoni mwao.

Waraka kwa Waefeso unasema wachungaji na walimu wametolewa ili kuwakamilisha watakatifu, kazi ya huduma itendeke. Sisi tunaomba kukamilishwa. Hatujaomba kazi ya mchungaji.

4. Urafiki wetu na usharika wa Ujerumani umefungiwa ofisini.

Tuna usharika rafiki Ujerumani, wengi wetu tunalijua hilo kwa sababu ya bango la kisima tu. Wageni wanapokuja, tunaambiwa siku mbili kabla, kwaya inavaa vitenge vya sare, watoto wanapanga mstari, zawadi zinakabidhiwa, picha zinapigwa, na wageni wanaondoka na gari la ofisi. Barua zao husomwa na watu wawili watatu. Wanatuombea nini? Wanapitia magumu gani huko kwao, ambako tunasikia viti vya makanisa vinabaki wazi? Hatujui, kwa hiyo hatuwaombei. Tumekuwa watu wa kupokea, na urafiki ambao upande mmoja hupokea tu hauwezi kuitwa ushirika wa Injili.

Mambo hayakupaswa kuwa hivi. Mwaka 1977 wajumbe wa Fungamano la Kilutheri la Dunia walikutana Dar es Salaam, wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wao, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Mwaka 1996 shirika la misioni la UEM (United Evangelical Mission), lenye makao Wuppertal, Ujerumani, lilibadilika likawa jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, yote yakiamua pamoja. Ngazi za juu zimekwisha kukubali kwamba misioni ni ya pande zote. Huku chini, kwenye usharika ambako watu wanaishi, bado tunapanga mstari na kupunga mikono.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, alimwambia mama wa jumuiya yetu kupitia mkalimani kwamba angependa kulala nyumbani kwa familia kuliko hotelini, wapike pamoja, wasome Biblia pamoja. Mama yetu alikuwa tayari, alishatandika kitanda. Ikasemekana ratiba haikuruhusu.

5. Tumewapa kisogo majirani.

Kulikuwa na wakati tulikwenda hospitali na gerezani kwa zamu pamoja na ndugu zetu Waanglikana na Wamoraviani. Makanisa yetu yamo pamoja ndani ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na hakuna fundisho lililobadilika. Zamu zilikufa kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu la kuziendeleza. Wagonjwa bado wapo wodini.

6. Hakuna taarifa.

Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walilikutanisha kanisa lililowatuma, wakalieleza yote Mungu aliyoyafanya pamoja nao. Usharika uliotuma ulipewa habari. Kwetu husomwa jumla ya makusanyo tu. Na tumesikia, kutoka kwa watu walio ndani ya vikao, kwamba sehemu ya mfuko wa misioni iliazimwa kwa ujenzi wa kanisa jipya na haijarudishwa. Kama si kweli, tunaomba mkanushe kwa maandishi, nasi tutafurahi. Kama ni kweli, waliotoa wana haki ya kujua sadaka yao ililala wapi.

Sasa naomba nijibu mapema yale tunayojua tutaambiwa.

Tutaambiwa hali ni ngumu. Ni ngumu kwa kila nyumba, na ndiyo maana tunasema hivi. Muumini asiye na fedha ya bahasha ana mikono, ana sauti, ana gunia la mahindi shambani. Utaratibu wa sasa umemwacha nje mtu huyo kabisa, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda Fuso.

Tutaambiwa kanisa jipya kwanza. Tunalipenda kanisa jipya. Wengi wetu tumebeba mawe na kokoto pale, na tutaendelea. Lakini wenzetu walipojenga kanisa la zamani, lile dogo la mawe, ndipo walipofungua na mtaa wa nyikani, wakiwa maskini kuliko sisi. Hawakungoja paa likamilike.

Tutaambiwa waumini wakiachiwa watapotosha mafundisho. Hofu hii tunaiheshimu, maana tumeona watu wakidanganywa kwa maji na mafuta ya upako yanayouzwa. Dawa yake ni kufundishwa. Tupeni mafundisho ya jioni mara moja kwa juma, mwinjilisti au mchungaji atufundishe Katekisimu na namna ya kushuhudia, kisha mtuombee mbele ya ibada na kututuma. Wanaopotea kirahisi ni wale walioachwa wakae kwenye benchi miaka nenda rudi bila kazi.

Na tutaambiwa watu wenyewe hawana muda, hata mkutano wa jumuiya hawaji. Wengine hawaji, ni kweli. Lakini itangazwe safari ya nyikani Jumapili hii, muone kama Fuso moja litatosha.

Tunayoomba ni haya, na tunayaomba yajadiliwe na Baraza kabla ya mkutano mkuu wa usharika ujao.

Mwinjilisti wetu alipwe malimbikizo ya posho yake yote, na pikipiki itengenezwe. Hili lisingoje kikao. Jumuiya yetu na jumuiya mbili nyingine ziko tayari kuchangia tairi na spea wiki hii hii, tukiruhusiwa.

Safari ya kila mwaka ya mtaa wa nyikani irudishwe, ikipangwa na jumuiya kwa zamu, na wenyeji wa kule waalikwe kwetu kama ilivyokuwa. Wao pia waketi kwenye kikao cha kupanga. Haifai kuamua mahitaji ya watu ambao hawamo chumbani.

Kamati ya Misioni na Uinjilisti iwe na wajumbe wanaochaguliwa na jumuiya, wakiwemo wanawake na vijana, na itoe taarifa kwenye ibada kila baada ya miezi mitatu: nani amekwenda wapi, nini kimefanyika, nini kimeshindikana, na fedha zimetumikaje. Fedha za mfuko wa misioni zilizoazimwa, kama zipo, zipangiwe tarehe ya kurudishwa.

Majina ya walioamini kwenye mikutano ya Injili yakabidhiwe kwa jumuiya za maeneo yao ndani ya juma moja. Andiko la kina mama lijibiwe. Mchungaji au mzee mmoja afike kwenye kile kijiwe cha bodaboda, akae na vijana wale, awaombee.

Barua za usharika rafiki zisomwe kanisani zikiwa zimetafsiriwa, na majibu yaandikwe na jumuiya kwa zamu. Wageni wajao walale majumbani mwetu, watakaopenda. Na zamu za hospitali na gereza zifufuliwe pamoja na makanisa jirani. Wapo wastaafu wawili waliokwisha kujitolea kuziratibu.

Kuhusu kusomewa majina kwenye matangazo kwa sababu ya bahasha, tunaomba kukome mara moja. Yumo mjane aliyeacha kuja ibadani kwa aibu hiyo, na tumeshindwa kumrudisha.

Hatukusudii kususia sadaka wala kuhama. Tutaendelea kutoa, tutaendelea kuja, na tutaendelea kuwaombea ninyi viongozi wetu kwa majina, kama tunavyofanya kila mkutano wa jumuiya. Tunaomba jibu la maandishi. Tukiitwa, tutakuja siku yoyote na saa yoyote mtakayopanga. Tusipopata jibu hadi mkutano mkuu, tutamwandikia Mkuu wa Jimbo barua rasmi ya pili, na nakala tutaileta kwenu siku hiyo hiyo.

Wakati huo huo, wale waliopanga kwenda nyikani kwa nauli zao mwezi ujao wataendelea na mpango wao. Wanaomba Baba Mchungaji awaombee kabla hawajaondoka, na ikiwezekana afuatane nao. Nafasi yake kwenye gari ipo.

Wenu katika Kristo,

Mwenyekiti wa jumuiya, kwa niaba ya waumini waliokubaliana na barua hii